Alama za Furaha za Lemonia

Mashine ilipofungwa darasani kwetu Kriovrisi, kijiji cha Ugiriki, ilibidi picha ya Kristo isogezwe kando. Mahali pazuri pa kuona nyuso zote kumi na nne ni juu ya ubao, katikati kabisa, na hapo ndipo Kristo alipokuwa amekaa tangu shule ijengwe. Padri Lambros alinuna wiki nzima. Mimi nilinuna kuliko yeye, ila mimi nina uso wa kununa hata nikiwa nimeshiba na nimelala vizuri, kwa hiyo hakuna aliyetambua.

Kazi ya mashine ilikuwa kutazama watoto na kusema wanajisikiaje. Bwana Anestis, kijana wa kampuni aliyeileta kutoka Athene, alituapia kwamba haipimi hisia hata kidogo, maana wakati huo wakubwa wa Umoja wa Ulaya huko Brussels walikuwa wameanza maneno kuhusu kupima hisia za watoto. Hii, akasema, inapima hali ya hewa ya darasa. Kisha akaiwasha. Kwenye skrini kando ya mlango yakajitokeza majina ya watoto, na mbele ya kila jina furaha, huzuni, umakini, hofu na chukizo, kila kimoja na alama zake, juu kabisa mia. Nikamuuliza mvua iko kwenye safu ipi. Hakucheka. Skrini ikaandika: Mwalimu Evanthia, hasira 64.

Hiyo sitini na nne haikushuka hadi mwisho. Nilijaribu kulegeza nyusi, nikajaribu kufikiria bahari, wapi. Kila Ijumaa mashine ilinitumia ushauri wa kuvuta pumzi polepole, na kila Ijumaa nikiusoma hasira zilikuwa zinapanda kweli.

Watoto waliipa jina Shangazi. Mwenye wazo alikuwa Lemonia, wa darasa la tatu, ambaye alisema shangazi ndiye mtu anayekutazama mara moja tu halafu anawaambia watu wote una nini. Nilitaka kumkemea nikashindwa, kwa sababu nina shangazi wanne.

Huyu Lemonia alikuwa na miaka tisa na aliishi na bibi yake mzaa mama, Polyxeni. Baba yake alikwenda kufanya kazi melini akasahau kurudi. Mama yake, Stamatia, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe katika chumba kilekile, alikuwa Ujerumani, Stuttgart, mwaka wa nne sasa, akioka mikate myeusi ambayo alisema hawezi kuila. Kila Agosti alikuja wiki tatu. Alipokuwa akiondoka mara ya kwanza alipatana na mama yake hivi: mtoto atabaki kijijini maadamu yuko vizuri, lakini siku ikionekana hayuko vizuri, Stamatia atakuja kumchukua. Bibi Polyxeni hakuwa na mtu mwingine nyumbani zaidi ya mtoto huyo na mbuzi sita. Kwa hiyo neno "vizuri" lilikuwa ndilo paa la nyumba ile, na kijiji kizima tulilijua hilo.

Sasa, kwetu mtu hasemi yuko vizuri. Ukisema, unaita kijicho. Mtoto akizaliwa mzuri, unamtemea mate kidogo mara tatu, tfu tfu tfu, unamwambia ana sura mbaya, na mama yake anakushukuru kwa moyo wote. Mimi niliitwa chura na nyanya zangu wote wawili mpaka nilipoolewa, na sijawahi kupendwa hivyo tena. Kila Jumapili Stamatia alipopiga simu kumuuliza mama yake habari za mtoto, bibi alijibu, "Yupo tu." Anakula? "Anadonoa." Huku Lemonia ameketi mbele yake anamalizia sahani ya pili ya pai ya mboga. Stamatia kule Stuttgart alikata simu akalala usingizi wa amani, kwa sababu maneno ya mama yake alizaliwa akiyasikia na alijua kila moja lina maana gani.

Lakini Shangazi haikuzaliwa Kriovrisi.

Kila Ijumaa saa sita mchana mashine ilituma ripoti kwenye simu za wazazi, popote walipo. Na juu ya ripoti iliweka Mtoto wa Wiki, yaani aliyepata alama nyingi za furaha, pamoja na picha yake akitabasamu, na hiyo ilikwenda kwa wazazi wote. Ijumaa ya kwanza ya Novemba Mtoto wa Wiki alikuwa Lemonia, furaha 93. Mbuzi wao alikuwa amezaa mapacha.

Jioni hiyohiyo mtoto alishikwa na homa. Novemba nusu ya darasa langu huwa na homa, lakini nenda kamwambie hivyo Polyxeni. Alimfanyia mtoto dawa ya kijicho, tone la mafuta ndani ya glasi ya maji na maneno yake ya kunong'ona, na tone lile, akasema, lilitawanyika mara moja, ndiyo dalili ya kijicho. Jumatatu alinijia shuleni amevaa nguo zake nyeusi na kilemba chake, akasimama mlangoni watoto wote wanaona.

"Mwalimu, mimi nilikukosea nini?" akaniuliza. "Umemchukua mtoto wangu asiye na baba, ukampiga picha anacheka, ukawapelekea watu wote, ukawaandikia chini yake kwamba yeye ndiye mwenye furaha kuliko watoto wao wote. Si ungempeleka tu kaburini kwa miguu yako?"

Nikamwambia si mimi, ni mashine. Akaitazama mashine. Kisha akatoa mfukoni shada la vitunguu saumu lenye ushanga wa buluu, akapanda kwenye kiti changu na miaka yake sabini na mitatu, akalitundika palepale juu ya kamera. Sikumzuia. Wiki iliyofuata Bwana Anestis aliandika kutoka Athene kwamba mfumo umegundua kizuizi cha asili ya mimea, akauliza kama tunaweza kukiondoa.

Tuliondoa vitunguu. Lakini kijiji kilikuwa kimeshajifunza. Hakuna bibi aliyetaka mjukuu wake awe Mtoto wa Wiki, na mabibi wa Kriovrisi wakiamua jambo, halihitaji mkutano. Watoto walianza kuja shuleni wamekunja nyuso tangu mlangoni. Mashavu chini, midomo imebanwa. Walicheka uwanjani mpaka wakaanguka, kengele ikigonga wakapanga mstari na kuingia ndani kama wanaokwenda mazishini. Ilikuwa mchezo mtamu kuliko yote niliyowahi kuwaona wakicheza. Mvulana mmoja aligundua kwamba ukiuma kalamu na kutazama dari unapata umakini 80 hata kama hujafungua daftari, na wiki hiyo darasa lote liliuma kalamu na hakuna aliyejifunza kugawanya. Mtoto wa Wiki akawa ni yule aliyejisahau, na wenzake walimsikitikia.

Bingwa wa wote alikuwa Lemonia, kwa sababu bibi yake alimfanyisha mazoezi. Furaha yake ikashuka kutoka 93 hadi 31, halafu 22, na Februari ikafika 14. Niliziona alama hizo kila Ijumaa na nilicheka. Nalisema hili bila kujificha, maana baadaye sikucheka tena. Nilikuwa nimeshughulika mno na kumshinda Shangazi hata sikukumbuka kwamba kuna mtu Stuttgart anayesoma ripoti hizo akiwa amesimama kati ya tanuri mbili, na kwamba mtu huyo anaziamini.

Machi alinipigia simu. Aliongea taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelia kabla. Ripoti ya mwisho ilikuwa imemwandikia hivi: mtoto anaonyesha huzuni ya kudumu, inapendekezwa abadilishiwe mazingira. Akasema atakuja kabla ya Pasaka, Ijumaa shule inapofungwa, na atamchukua. Nikaanza kumweleza habari za kijicho na nyuso za kukunja, nikamwambia mtoto mzima kabisa, anakula, anaruka.

"Mama naye anasema yupo tu," akanijibu. "Zamani nilikuwa nikisikia hivyo nacheka. Sasa nikisikia hivyo naangalia ile kumi na nne."

"Stamatia, mimi ndiye ninayekaa naye kutwa. Niamini mimi."

"Nikuamini vipi, Mwalimu? Na wewe wameniandikia hapa. Hasira sitini na nne, kila wiki, tangu mwanzo."

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa Polyxeni.

Nilimkuta kibarazani anachambua mboga za mwituni, mapaja yamejaa majani. Nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua, akatupa mizizi huku na majani kule. Hatimaye akauliza kama kweli yule binti yake anasoma alama za mashine badala ya kumsikiliza mama yake. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mtoto akicheka mbele ya mashine, alama zitapanda. Nikasema zitapanda, na Stamatia ataziona, na pengine atatulia.

"Kwa hiyo," akasema, "ama nimfiche nimpoteze, ama nimwanike kijicho kimpate."

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Kwangu mimi kile kitu kilikuwa mzaha. Kwake yeye nilikuwa nimemwambia amvue mtoto nguo barabarani wakati wa theluji.

Jumatatu Lemonia aliingia darasani na shanga tano za buluu, hirizi iliyochomekwa kwa pini ndani ya fulana, fulana yenyewe imegeuzwa ndani nje, na mifuko inanuka vitunguu saumu. Na alikuwa anatabasamu. Aliketi akatabasamu. Nikawafundisha vita na wafu wake, akatabasamu. Alitabasamu kuelekea kamera kwa meno yote, macho yamemtoka, shingo imekakamaa, siku tano mfululizo. Ijumaa nilisubiri ripoti kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Ikaja. Lemonia: tabasamu la kulazimishwa, hofu 71, furaha 9. Mzazi anashauriwa kuchukua hatua.

Kwa mara ya kwanza Shangazi ilikuwa imesema kweli, na ilichagua siku hiyo.

Tuliendelea hivyo wiki mbili zaidi. Nilimwambia mtoto afikirie wale mapacha wa mbuzi, akasema wameshauzwa kwa ajili ya Pasaka. Nilimwambia afikirie bibi yake, akainama. Nilijiambia ni kwa sababu anaogopa kuondoka. Polyxeni naye alijiambia hivyohivyo. Sote wawili tulikuwa na hakika kabisa ya mtoto yule anataka nini, na tulifanya bidii sana kumsaidia akipate.

Ijumaa ya kufunga shule, Bwana Anestis alifika asubuhi kutoka Athene na kompyuta yake. Darasa letu lilikuwa la mwisho kwa furaha katika mkoa wetu mzima wa Epiro, chini hata ya darasa moja ambalo paa lake lilikuwa limeanguka, na kampuni ilikuwa imemtuma kuweka programu mpya. Hii, aliniambia, inawasoma hata watu wazima na wageni, ili kumlinda mtoto. Alikuwa kijana mpole, nilimpa kahawa. Polyxeni alikuja saa tano akaketi nyuma, kwenye dawati la watoto, mikono juu ya magoti. Hakusema anangoja nini na hakuna aliyemuuliza.

Saa sita kasoro Stamatia alifungua mlango. Alikuwa amesafiri usiku kucha, koti la Kijerumani, macho mekundu. Lemonia alisimama. Hakukimbia, alisimama tu kando ya dawati lake. Stamatia akamfikia kwa hatua tatu, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, na kwa kuwa alikuwa binti wa Polyxeni na amezaliwa Kriovrisi, akafanya alichofanya kila mama wa kwetu. Alikunja uso wote akamtemea tfu tfu tfu.

"Mbaya wewe," akamwambia, sauti inamkatika. "Umekuwa mbaya, mrefu, sura ya kutisha. Ptu, nani atakutaka."

Skrini iligeuka nyekundu na kupiga king'ora. Ikaandika kwa herufi kubwa: Mgeni. Chukizo 91. Shambulio dhidi ya mtoto. Mwalimu, mtenganishe mtoto mara moja. Ustawi wa jamii umearifiwa.

Bwana Anestis akaruka akasimama katikati yao, mikono imenyooshwa, akimwomba Stamatia arudi nyuma, mama tafadhali, kwa usalama wa wote. Darasa lote lililipuka kwa kicheko. Wale watoto waliokuwa wamejibana tangu Novemba walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Polyxeni alisimama akamwambia yule kijana kwamba asipoondoka mbele ya binti yake, atamwonyesha chukizo lenyewe linavyokuwa. Mimi nilichomoa waya wa king'ora. Skrini ikabaki inawaka.

Stamatia hakucheka. Alikuwa anasoma. Alisoma lile neno chukizo na ile tisini na moja, akasoma tena, akatazama mikono yake ambayo bado ilikuwa na joto la mashavu ya mtoto. Halafu akatoa simu yake mfukoni akaishika bila kuiwasha.

"Ndizo hizi?" akaniuliza. "Hizi ndizo nilizokuwa nikizililia miezi mitano?"

Nikasema ndizo.

Aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto. Niliona mabega yake yanashuka na nikamtazama Polyxeni kule nyuma, na Polyxeni akanitazama mimi. Tulikuwa tumeshinda. Nilimwona bibi yule anavuta pumzi, pumzi ya kwanza tangu Machi.

Na hapo Stamatia alifanya jambo ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote. Si mimi, niliyefundisha miaka ishirini na sita. Si bibi, si kampuni yenye ofisi ghorofa tatu. Alimvuta mtoto karibu, akamsogezea nywele, akamuuliza.

"Lemonia. Wewe mwenyewe unataka nini? Ukae hapa na bibi, au twende?"

Mtoto alitazama viatu vyake.

"Nataka twende," akasema. "Tangu zamani nataka. Nilikuwa naogopa bibi atahuzunika."

Sikutaka kugeuka nyuma, lakini niligeuka. Nilidhani nitamkuta Polyxeni amejifunika uso na kilemba chake, kama wanawake wetu wanavyofanya. Badala yake nilimwona anakuja katikati ya madawati, anatembea wima, anatabasamu. Sijawahi kumwona mwanamke yule akitabasamu mbele ya watu, hata siku aliyozaliwa mjukuu wake. Alitabasamu kwa uso wote, kwa meno machache aliyobakiwa nayo, macho yakimetameta, mikunjo yote imepanda juu. Akamshika Lemonia kidevu.

"Basi ndicho ulichokuwa unakiogopa?" akasema. "Nihuzunike mimi? Mimi nimechoka kukupikia, mwanangu. Nenda. Bibi yako atalala mpaka saa nne kila siku."

Mtoto alimtazama kwa makini, kama alivyozoea kutazamwa yeye. Nadhani alimwamini. Alicheka, akamkumbatia kiunoni, na bibi akampigapiga mgongoni, bado anatabasamu, juu ya kichwa chake, pale ambapo mtoto hawezi kuona. Sikuweza kuendelea kutazama. Nilianza kufuta ubao, ambao ulikuwa safi.

Bwana Anestis alikuwa ameinama juu ya kompyuta yake. Akapiga makofi mara moja, akageuza skrini ili wote tuone. Ilikuwa picha ya Polyxeni, na chini yake furaha 97, ya juu kuliko zote tangu mashine ifungwe, si kwetu tu bali Epiro yote. Alikuwa na furaha ya kweli kijana yule, programu mpya ilikuwa inafanya kazi. Akamwomba bibi kwa adabu kama kampuni inaweza kuitumia picha hiyo kwenye matangazo yake, kuonyesha watu teknolojia inavyoweza kuleta tabasamu hata kijijini.

Polyxeni akamwambia achukue tu, mwanangu, achukue, yeye ana haraka, kuna nguo za mtoto za kukunja.